Shangazi Anajibu: Tuseme alikufa na nini?

Swali: Shikamoo shangazi. Mjomba alifariki 1994, mama ndo alimuuguza hapa Magomeni, anafua mashuka usiku majirani wasione. Sasa kwenye kisomo mama anataka tuseme wazi ilikuwa ukimwi, mjomba mkubwa kagoma. Tufanyeje?

Jibu: Marahaba mwanangu. Mwenye neno ni mama, yeye ndo kashika beseni (huyo mjomba mkubwa alikuwa wapi?). Enzi zile dawa za kufubaza hatuna, serikali imeanza kugawa bure 2004, kwahiyo ni uji, maji ya moto na kumgeuza mgonjwa asipate vidonda, na bado watu wanasema karogwa. Wapo waliokataa kunyamaza, WAMATA, shirika la kusaidia wenye ukimwi na familia zao, ilianza hapahapa Dar 1989. Ila waulizeni watoto wa marehemu kwanza, wakiridhia mama apewe maiki.