Ukianza kutengeneza tovuti, jua kwanza msimbo wako unaendeshwa wapi

Karibu kila anayeniuliza aanzie wapi huja na majina mkononi: HTML, CSS, JavaScript, PHP, Python, React, Node.js, MySQL. Ameyasikia yote, na anachotaka ni kuambiwa lipi bora. Mimi humrudisha nyuma kidogo kwa swali jingine: unapofungua ukurasa wa tovuti, ni kazi gani inafanyika kwenye kifaa chako, na ni ipi inafanyika kwenye mashine iliyo mbali? Ukishalijibu swali hilo, kila jina kati ya hayo hupata mahali pake pa kukaa.

Kivinjari, iwe Chrome, Firefox au Safari, kazi yake ni kuomba na kuonyesha. Ukiandika anwani, hakiwezi kwenda popote kwa jina tupu, kwa sababu kompyuta kwenye intaneti hufikiana kwa namba, zile anwani za IP. Kwa hiyo kwanza kinauliza DNS, mfumo uliobuniwa mwaka 1983 ili kutafuta namba inayokwenda na jina. Namba ikipatikana, kivinjari kinatuma ombi kwa seva. Neno seva huwatisha wengi bure. Ni kompyuta inayokaa imewashwa usiku na mchana, na ndani yake kuna programu inayongoja maombi na kuyajibu. Utaratibu wa kuomba na kujibu ndio HTTP. HTTPS ni utaratibu uleule, ila mazungumzo yamefichwa kwa usimbaji ili aliye njiani asiyasome.

Hapo ndipo utaelewa pia tofauti ya kikoa na hostingi, ambayo huwachanganya wengi. Kikoa, au domeini, ni jina unalolisajili na kulilipia kwa kipindi. Hostingi ni nafasi kwenye seva ambapo mafaili yako yanakaa. Unaweza kuwa na jina bila nafasi, au nafasi bila jina, na unaweza kuvinunua kwa watu wawili tofauti. DNS ndiyo inayoviunganisha.

Kila jibu la seva hubeba namba. 200 maana yake ombi limefanikiwa. 301, ulichoomba kimehamia anwani nyingine kwa kudumu. 404, hakipo. 500, seva imekwama yenyewe. Zinazoanza na 4 zinasema kuna tatizo katika ombi. Zinazoanza na 5, tatizo liko kwa seva. Nimewaona wanaoanza wakibadilisha rangi kwenye CSS (lugha ya kupangia sura ya ukurasa) kutwa nzima bila ukurasa kubadilika, kumbe faili lenyewe la CSS linarudi na 404 na kivinjari hakijapata hata kulisoma.

Mimi mwenyewe yalinikuta mapema. Ukurasa ulionekana vizuri kabisa kwenye kompyuta yangu. Nilipoupandisha kwenye seva, picha hazikutokea. Nilifuta nikapandisha upya mara tatu. Ndani ya HTML, maandishi yanayounda ukurasa, nilikuwa nimeandika hivi:

<img src="picha/bahari.jpg" alt="Mawimbi yakipiga ufukweni">

na faili lilikuwa linaitwa Bahari.JPG. Windows kwa kawaida haijali herufi kubwa na ndogo katika majina ya mafaili. Linux, inayoendesha seva nyingi, inajali. Kwake hayo ni mafaili mawili tofauti. Tangu siku hiyo mafaili yangu yote nayaita kwa herufi ndogo, bila kuacha nafasi, na penye maneno mawili naweka kistari katikati. Fanya hivyo tangu faili lako la kwanza.

Sasa turudi kwenye kivinjari. Huko ndiko zinakofanya kazi HTML, CSS na JavaScript, na hizi tatu huwezi kuzikwepa hata ukienda upande gani.

HTML ilitokana na kazi ya Tim Berners-Lee katika maabara ya CERN. Alitoa pendekezo lake la wavuti mwaka 1989, na tovuti ya kwanza ikawa hewani mwaka 1991. Si lugha ya kupangia hesabu wala masharti. Kazi yake ni kusema kila kipande cha ukurasa ni kitu gani. Hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hiki ni kiungo, hiki ni kitufe. Kwa kuwa inaonekana rahisi, watu huipitia siku mbili wakaiacha, na hilo ndilo kosa linaloniuma zaidi katika kazi hii. Mtu anataka kitufe, anaandika div, yaani tagi (alama ya HTML) ya sanduku tupu, anaipaka rangi, anaiwekea JavaScript, na kwa macho inafanana na kitufe. Lakini ukibonyeza Tab kwenye kibodi, huifikii. Na asiyeona, anayetegemea programu ya kumsomea skrini, hataambiwa kuwa hapo kuna kitufe. Tagi ya button inakupa yote hayo bure. Vivyo hivyo kwenye fomu: kila sehemu ya kujazia iwe na label yake, iliyofungwa nayo hivi:

<label for="simu">Namba ya simu</label>
<input id="simu" name="simu" type="tel">

Kwa mistari hiyo miwili, mtumiaji akigusa maneno, kishale kinaingia kwenye kisanduku. Anayetumia programu ya kumsomea skrini anasikia anatakiwa kuandika nini. Na simu nyingi zitafungua kibodi ya namba zenyewe. Hakuna freimuweki (msimbo wa wengine uliotayarishwa tayari) uliyoihitaji hapo.

CSS ndiyo inayoshughulika na sura: rangi, ukubwa, mpangilio. Ilipendekezwa na Håkon Wium Lie mwaka 1994, na toleo la kwanza la kiwango chake likatoka 1996. Jambo moja ulishike mapema: kwa CSS, kila kitu ni sanduku, na sanduku lina maudhui, nafasi ya ndani, mpaka, na nafasi ya nje. Ukisema upana ni pikseli 300, kisha ukaweka nafasi ya ndani ya pikseli 20 na mpaka wa pikseli 2 kila upande, sanduku lako kwenye skrini halitakuwa 300. Litakuwa 344, kwa sababu kwa kawaida 300 ni ya maudhui peke yake. Masanduku mawili uliyodhani yatakaa sambamba yataachana, moja likashuka chini. Ukiandika box-sizing: border-box, ile 300 itahesabu nafasi ya ndani na mpaka pia.

JavaScript ndiyo lugha ya programu kati ya hizo tatu. Brendan Eich aliiandika akiwa kampuni ya Netscape mwaka 1995, toleo la mwanzo likichukua siku 10 hivi. Pamoja na jina lake, si Java, na ukijifunza moja hujajifunza nyingine. Kwa miaka mingi iliishi zaidi ndani ya kivinjari, mpaka Node.js ilipotoka mwaka 2009 ikaiwezesha kushika kazi za seva kwa upana. Hilo ni jema, lakini limeongeza mkanganyiko kwa wageni: lugha ni moja, mahali ni pawili. Msimbo wa kivinjari hauwezi kujifungulia tu faili lililo kwenye seva, na msimbo wa seva hauoni kitufe alichobonyeza mtu mpaka ombi liifikie seva. Ukikutana na kosa linalosema document (jina ambalo JavaScript huuitia ukurasa uliofunguliwa kwenye kivinjari) haijulikani, mara nyingi umeendesha upande wa seva kitu kilichoandikwa kwa ajili ya kivinjari.

Upande wa seva ndiko waliko PHP, Python na wenzao, pamoja na hifadhidata kama MySQL, ambayo unazungumza nayo kwa lugha ya SQL. Chagua lugha moja yoyote kati ya hizo, ukae nayo. Jambo ninalotaka ulishike hapa ni zito kuliko uchaguzi wa lugha: usiamini kitu chochote kinachotoka kwenye kivinjari.

Niliwahi kutengeneza fomu ya kujisajili nikaweka ndani yake sehemu iliyofichwa, yenye jina "cheo" na thamani "mtumiaji". Seva ilipokea fomu na kuandika kwenye hifadhidata chochote ilichokuta humo. Mwenzangu mmoja kazini aliomba aijaribu. Alibonyeza F12, kitufe kinachofungua zana za waunda tovuti kwenye vivinjari vingi, akaikuta ile sehemu iliyofichwa, akafuta "mtumiaji" akaandika "msimamizi", akatuma. Haikumchukua dakika. Akawa na mamlaka ya kufuta akaunti za watu wote. Nilimshukuru sana, maana ilikuwa kabla tovuti haijafunguliwa kwa watu. Kilicho kwenye kivinjari kiko mikononi mwa mtumiaji: anaweza kukisoma, kukibadilisha, kukizima. Ukaguzi wa JavaScript kwenye fomu ni wa kumsaidia mtu mwema aliyekosea kuandika barua pepe. Ukaguzi wa usalama hufanyika kwenye seva, tena, hata kama umeshafanyika mbele. Ndiyo maana pia nenosiri la hifadhidata na funguo za API haziwekwi kamwe kwenye JavaScript inayotumwa kwa kivinjari.

Kuhusu API yenyewe, neno hilo lisikusumbue. Kwenye wavuti, mara nyingi ni anwani ambayo ukiiomba, badala ya kukurudishia ukurasa wa kutazamwa, inakurudishia data tupu, aghalabu kwa muundo wa JSON, ili programu nyingine iitumie.

React, iliyotoka 2013, na Bootstrap, ya 2011, ziache kwanza. Ni zana nzuri za kujengea kurasa, nazitumia, ila huwezi kujua zimekusaidia nini kama hujawahi kuifanya kazi hiyo bila zenyewe. Git, programu ya kutunza historia ya msimbo wako, kwa upande mwingine, anza nayo wiki hii. Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005 kwa ajili ya kazi ya Linux, na inakuwezesha kurudi kwenye hali ya jana pale ulipoharibu leo.

Kazi ya kwanza ninayokupa ni hii. Fungua tovuti yoyote unayoipenda, bonyeza F12, nenda kwenye kichupo cha mtandao, kisha pakia ukurasa upya. Mistari itaanza kushuka, kila mmoja ni ombi moja. Chukua kumi ya kwanza. Kwa kila mmoja andika pembeni: ni HTML, CSS, JavaScript, picha au data? Namba ya jibu ni ngapi? Uzito wake ni kiasi gani, na umechukua muda gani? Ule usioutambua, ubofye usome jibu lake. Kisha fanya hivyohivyo kwa ukurasa wako mwenyewe, hata kama una aya moja na picha moja tu.