Vigae 103 au 120? Hesabu ya dari ya kuning'inia kwa ofisi ya Sinza

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Nimeunganisha fremu mbili za chini kwenye jengo la ghorofa hapa Sinza ziwe ofisi moja. Ndani ni mita 7.40 kwa 5.00. Nataka dari ya vigae vya 60 kwa 60, ishuke sm 45 kutoka kwenye slabu, yenye taa sita za LED za saizi hiyohiyo na feni mbili. Fundi wa kwanza kaniandikia vigae 103, tii (vyuma vya umbo la T vinavyobeba vigae) "za kutosha" na waya wa kufungia nondo. Wa pili kasema vigae 120. Nani yuko sahihi, na ninunue nini hasa?

JIBU: Salama, ndugu. Kwenye vigae, wa pili yuko karibu zaidi na ukweli. Wa kwanza kagawanya vizuri tu: 7.40 mara 5.00 ni mita za mraba 37, ukigawa kwa 0.36 unapata 102.8. Ila hesabu hiyo inachukulia kwamba kila kipande kinachokatwa pembeni kitapata mahali pengine pa kukaa, na kwenye chumba chako havipati.

Chora chumba kwenye karatasi kabla ya kwenda dukani. Upande wa mita 7.40 unameza vigae 12 vizima na kubakiza sm 20. Ukivipanga katikati, kila ukuta utapata kipande cha sm 10. Upande wa mita 5.00 ni hivyohivyo: vinane vizima, sm 20 zinabaki. Vipande vya sm 10 ni vibaya kwa macho, na kwa kuwa ni vyepesi na vyembamba huinuka mlango ukifungwa kwa nguvu. Kanuni ya kazi hii ni kwamba kipande cha pembeni kisipungue nusu ya kigae. Kwa hiyo toa kigae kimoja kila upande: 11 vizima na sm 40 kila mwisho kwa urefu, saba vizima na sm 40 kila mwisho kwa upana. Hapo una safu 13 kwa 9, yaani nafasi 117: vigae vizima 77 na vya kukata 40.

Ukikata sm 40 kwenye kigae cha sm 60 unabaki na sm 20, ambazo haziwezi kuziba nafasi nyingine ya sm 40. Vigae 40 vya kukata vinakula vigae 40 kamili. Kama pembeni pangekuwa chini ya sm 30, kigae kimoja kingetoa vipande viwili na hesabu ingeshuka sana. Kwa kusema kweli, mpango mbaya wa sm 10 ungemaliza kazi kwa vigae kama 105, maana kimoja kinatoa vipande vitano. Unaokoa vigae 12, halafu kila mteja anayeinua macho anaona ule utepe ukutani. Binafsi nisingeukubali.

Kwenye 117 toa sita za taa, zinabaki 111. Ongeza sita za akiba kwa vitakavyopasuka na kwa siku bomba la juu litakapovuja, maana ukirudi dukani baada ya mwaka weupe wake huenda usilingane na wa kwako. Jumla nunua 117. Kama duka linauza kwa boksi tu, panda hadi boksi kamili linalofuata.

Sasa tii. Tii kuu (zile ndefu zinazoning'inizwa kwa waya kwenye slabu) zipitishe kwa upana, yaani zile mita 5.00, kila baada ya mita 1.2. Ukianzia sm 40 kutoka ukuta mmoja unapata mistari sita, na wa mwisho unabaki mita 1.0 kutoka ukuta wa pili. Tii kuu huwa na urefu wa mita 3.6, lakini ya kwanza huikati ukutani popote upendapo: tundu la tii ya kati (ile fupi inayounganisha tii kuu) lazima liangukie sm 40 kamili kutoka ukutani. Kwa kawaida unapoteza hadi sm 20 hapo, inabaki 3.4, na unahitaji 1.6 kumalizia. Tii moja inatoa vipande viwili vya 1.6, kila kimoja na kiungo chake cha kiwandani. Sita na tatu ni tisa, nunua 10.

Tii za kati za sm 120 zinapita kwenye mistari minane. Kila mstari una tano nzima na moja ya kukatwa kuwa mita 1.0: hizo ni 48. Upande wa pili kuna vipande vinane vya sm 40, viwili kwa kila tii, yaani nne zaidi. Jumla 52, nunua 54. Za sm 60 ni mistari sita mara safu tisa, 54, nunua 56. Engo ya ukutani (chuma cha umbo la L kinachobeba kingo za dari): mzunguko ni mita 24.8, na kwa vipande vya mita 3 ni 9, pamoja na misumari ya zege au skrubu na fisha kama 70, moja kila sm 40.

Tahadhari ya dukani, iwe Kariakoo au Buguruni: "futi mbili" na "sm 60" si kitu kimoja. Futi mbili ni sm 61. Kigae cha kawaida cha 60 kwa 60 ni mm 595, na mdomo wa tii (bapa la chini linalobeba kigae) una upana wa mm 24. Kwenye tii za sm 60, kigae kinakalia karibu mm 10 kila upande. Kwenye tii za futi mbili kinakalia mm 4 au 5 tu. Kikisogea kidogo, kinadondoka. Nenda na tepu, pima kigae na tii kabla ya kulipa.

Waya wa kufungia nondo ukatae. Ni laini, unavutika, na kwa hewa yetu ya chumvi unaota kutu upesi. Mwaka mmoja baadaye dari ina mabonde. Nunua waya wa mabati wa mm 2.5 hivi. Kila tii kuu ifungwe sehemu tano, kila mita 1, kuanzia sm 50 kutoka ukutani: 30 kwa mistari sita. Kila taa iongezewe waya mbili kwenye kona zinazokabiliana, 12 zaidi. Waya mmoja ni sm 45 za kushuka na sm 40 za kuzungusha mara tatu kila mwisho, yaani sm 85. Mara 42 ni mita 35.7, chukua 40. Kwenye slabu, funga kwa engo fupi za chuma na boliti za kupanuka. Fisha za plastiki ziache ukutani. Zikivutwa kwenda chini huchomoka.

Feni zisiguse tii hata moja. Kulabu ya feni ifungwe kwenye slabu yenyewe, fimbo ipite katikati ya kigae kilichotobolewa, na ifanyike kabla vigae havijawekwa.

Kabla ya kununua chochote, pima ulalo wa chumba kona kwa kona, pande zote mbili. Kona zote zikiwa za nyuzi 90 sawasawa, kila ulalo utasoma mita 8.93. Zikitofautiana zaidi ya sm 2, kuta zimepinda, na kwa fremu mbili zilizounganishwa hilo halishangazi. Hapo idadi ya vigae haibadiliki, ila kila cha pembeni kipimwe peke yake, na mstari wa kwanza wa tii ufuate uzi uliopigwa katikati ya chumba, si ukuta. Vigae chagua vya jipsamu vyenye ngozi ya PVC. Vile vya nyuzi laini hunyonya unyevunyevu na kulegea tumbo, hasa ofisi ikifungwa wikiendi nzima bila kiyoyozi.