Jibu: jengo la zamani la kuangalia Mtwara

Mkuu umeuliza kama huku Mtwara kuna jengo la utawala la zamani la kumfanya mtu asimame aangalie au yote yameshabaki magofu. Lipo, tena zuri haswa! Panda daladala ya Mikindani, ni kama kilomita 10 tu toka mjini, ukishuka ulizia Boma la Mjerumani.

Lilijengwa 1895, jeupe, lina mnara na limekaa juu kidogo linaangalia ghuba yote, yaani walijua wanapotaka kuonekana. Ila mimi ninachokipenda zaidi ni kuta, mawe ya matumbawe na chokaa, nene kwelikweli, ndo maana nje jua linachoma we ukiingia unasikia ubaridi bila hata feni, halafu katikati kuna ua na vyumba vimeuzunguka kwahiyo hewa inapita muda wote. Tafadhali usipite haraka pale, kaa uangalie. Wajerumani ndo waliamuru lakini mawe na chokaa ni vya pwani hii hii, watu wa huku walikuwa wanajengea hivyo miaka mingi kabla yao, hiyo inabidi isemwe.

Magofu yapo mengi ila hili lilipona, mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika la hisani la Uingereza liitwalo Trade Aid lililikarabati na likafanywa hoteli.

Ukimaliza shuka mtaani utazame milango ya nakshi, na ukiwa na siku ya ziada nenda Kilwa Kisiwani ukaone Msikiti Mkuu.