Sanduku la Waandishi: Mjane, cheti na moto wa kinamasi

Ninaandika riwaya ya familia katika kijiji cha magharibi ya Ireland, mwaka 1988. Mzee anafariki, wosia unampa mwanawe mkubwa kila kitu, mjane anafukuzwa, majirani wanamrudisha. Inaingia akilini? – Msomaji, Arusha

Majirani sawa, wosia hapana. Sheria ya Mirathi ya 1965, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1967, inampa mjane fungu ambalo wosia hauwezi kulifuta: nusu ya mali kama marehemu hakuacha watoto, theluthi kama aliwaacha. Tena anaweza kudai kwamba nyumba waliyokuwa wakiishi ihesabiwe ndani ya fungu hilo. Wasio na fungu la lazima ni watoto. Aliyenyimwa hana budi kwenda mahakamani na kuonyesha kwamba mzazi hakumtimizia wajibu wake.

Ukishikilia kumfukuza, irudishe hadithi miaka ya 1950, kabla mjane hajapata kinga hiyo. Ila sisi tungemwacha hapohapo 1988, ndani ya nyumba, na mkwewe, jiko moja, birika moja la chai, hakuna anayemsemesha mwenzake. Kisheria yuko kwake, ila hata kikombe anakunywea kwa ruhusa. Wala usiwasahau watoto wengine. Mashamba ya magharibi ni madogo, hayagawanyiki mara mbili yakalisha watu, kwa hiyo mmoja hurithi na wengine huhamia London au Boston. Barua zao na dola za Krismasi ni sehemu ya familia pia.

Mhusika wangu alizaliwa 1964, akaasiliwa Dublin. Mwaka 1990 anaingia ofisini, anaomba cheti chake cha kwanza cha kuzaliwa, anapewa, anakwenda kijijini kwa mama yake. Kuna kosa? – Msomaji, Mombasa

Lipo, hapo kwenye "anapewa". Ireland iliruhusu kuasili kisheria kuanzia 1953, na majalada yakafungwa kabisa. Haki ya kupewa cheti na taarifa za asili, kwa aliyefikisha miaka 16, ilifunguliwa Oktoba 2022 kwa sheria ya mwaka huohuo. Hata sasa, kama mzazi ameandikisha kwamba hataki kuwasiliana, mhusika hupigiwa simu kwanza, akaelezwa hivyo, ndipo apewe karatasi zake.

Basi mwaka 1990 mtoe jasho. Orodha za vizazi zilikuwa wazi kwa umma. Anaijua tarehe yake ya kuzaliwa, kwa hiyo anaketi na vitabu, anachambua majina ya watoto wa kike wa siku ile, anafuta mmojammoja. Siku nyingi, vumbi jingi, pengine na jina lisilo lake njiani. Sura nzima hiyo, usiiharakishe.

Nimeweka familia ikichimba udongo wa kuchoma siku ya Krismasi, wakipatana kazini. – Msomaji, Dar es Salaam

Desemba utachimba maji. Udongo wa kinamasi, ambao wenyewe huuchoma kama sisi kuni, ukiwa mbichi karibu wote ni maji. Hukatwa Aprili au Mei kwa sleán, koleo lenye bawa pembeni linalotoa tofali kwa pigo moja. Matofali hulazwa chini wiki moja au mbili hadi yapate ngozi, kisha husimamishwa manne hadi sita yakiegemeana, moja juu, upepo upite katikati. Hapo ndipo migongo huuma. Mvua ikizidi kiangazi, hayakauki, na ukiyapeleka nyumbani yana unyevu yatatoa moshi bila joto.

Patanisho lako lihamie Mei. Kazi hii hufanywa na majirani kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, na wenyewe huuita ushirika huo meitheal. Wapare watautambua: msaragambo. Krismasi iachie moto wenyewe. Msomaji aliyeuona mgongo ukiuma Mei ataelewa kwa nini mzee anaongeza tofali moja tu.

Mgeni anakubaliwa baada ya muda gani? – Msomaji, Kigoma

Muda haupimi. Aliyehamia huitwa "aliyeletwa na upepo" hata baada ya miaka 20. Tumia mkesha wa msiba. Maiti hulazwa nyumbani, watu hupanga foleni, hushika mkono wa wafiwa na kutoa pole, kisha chai na mikate iliyojazwa nyama hadi usiku wa manane. Baada ya mwezi kuna misa ya kumbukumbu, jirani ya arobaini yetu. Angalia nani anaketi sebuleni akihudumiwa na nani yuko jikoni. Katika msiba wa kwanza mweke mhusika wako sebuleni, ameshika kikombe kwa mikono miwili. Katika wa mwisho, mtu amwite kwa jina kutoka mlangoni amwambie maziwa yamekwisha, naye atoke kwenda kuyatafuta kwa jirani bila kuuliza ni nyumba ipi.