Maswali ya Wasomaji: Maumbo Manne ya Kitenzi cha Kilatini

SWALI: Ninajifunza Kilatini peke yangu kwa kitabu cha sarufi na kamusi ndogo. Juzi nilikutana na neno *tulit*, nikalitafuta chini ya herufi T nisilipate, hadi nilipoelezwa kwamba ni la kitenzi *fero*, yaani kubeba. Kamusi imekiandika kitenzi hicho kwa maneno manne: *fero, ferre, tuli, latum*. Je, nikariri yote manne kwa kila kitenzi, au nikijua la kwanza naweza kuyabashiri mengine?

JIBU: Yakariri yote manne, na uyakariri pamoja, kana kwamba ni neno moja refu. Sisi wazungumzaji wa Kiswahili tumezoea mzizi usiobadilika: katika ninapenda, nilipenda na nitapenda mzizi ni uleule, na wakati hutajwa na kiambishi kilichotangulia. Kilatini hutaja wakati mwishoni mwa neno, na mara nyingi hubadilisha shina lenyewe pia. Kitenzi kina mashina matatu, na maumbo manne ya kamusi yamechaguliwa ili yakupe mashina hayo yote.

Umbo la kwanza, kama *amo*, ni la nafsi ya kwanza umoja, wakati uliopo: ninapenda. Peke yake halitoshi. *Volo* linaweza kuwa "ninataka" au "ninaruka angani", na ni umbo la pili tu linaloamua, kwa kuwa kutaka ni *velle* na kuruka ni *volare*. Umbo hilo la pili, ambalo ni sawa na kitenzi chetu kinachoanza na ku-, ndilo linaloonyesha kundi la kitenzi, na kundi ndilo linaloamua jinsi wakati ujao unavyoundwa. *Amo* na *rego* (ninatawala) yanaishia kwa -o yote mawili, lakini kwa kuwa moja ni *amare* na jingine ni *regere*, nitapenda ni *amabo* ilhali nitatawala ni *regam*. Mwanafunzi aliyekariri la kwanza tu ataandika *regabo*, na kosa hilo nimelikuta mara nyingi.

Umbo la tatu ndilo linalowatisha wengi, nami naona ndilo lenye faida kubwa kuliko yote. Ni "nimefanya" au "nilifanya": *amavi, monui, rexi, misi, tuli*. Ondoa -i ya mwisho, unabaki na shina la hali timilifu, na kuanzia hapo hakuna tena cha kukusumbua, kwa sababu viishio vya hali timilifu ni vilevile kwa vitenzi vyote vya kauli ya kutenda, hata vile vinavyoitwa vya ajabu: -i, -isti, -it, -imus, -istis, -erunt. Kwa hiyo *tulit* ni "alibeba" kama *amavit* ilivyo "alipenda". Ugumu wote umo katika shina, na shina hilo ndilo unalopewa na kamusi. Hata mashina yenyewe yana mazoea yake. *Rexi* ni *reg-* iliyoongezwa s, kisha g na s zikaandikwa x. *Scribo* (ninaandika) huwa *scripsi* kwa sababu b mbele ya s hutamkwa p. *Curro* (ninakimbia) hurudia sauti ya mwanzo na kuwa *cucurri*. Sisi pia hurudia, tukisema pigapiga, ila kwetu ni kwa kuonyesha kitendo kinachorudiwa, na kwao ni alama ya jambo lililokwisha.

Ama *fero*, si shina moja lililoharibika. Vitenzi vya asili tofauti vilikutana vikawa kimoja, na *tuli* ni ndugu wa *tollo*, yaani ninainua. Hakuna kanuni ambayo ingekufikisha huko.

SWALI: Kwa umbo la nne la *amo*, kamusi moja inaandika *amatum*, nyingine *amatus*. Ipi ni sahihi?

JIBU: Zote mbili. *Amatum* ni supini, jina la kitenzi linalotumika hasa baada ya kitenzi cha mwendo kuonyesha kusudi, kama katika *cubitum eo*, naenda kulala. *Amatus* ni "aliyependwa". Shina ni lilelile *amat-*, na ndilo linalounda *amatus sum*, nimependwa, na *amaturus*, atakayependa. Shina hilo pia huzaa majina ya watendaji: kutoka *lectum* ya *lego* (ninasoma) hupatikana *lector*, msomaji, na kutoka *scriptum* hupatikana *scriptor*, mwandishi. Ukilijua umbo la nne, umejipatia msamiati ambao hukuutafuta.

SWALI: Mbona *loquor* (ninasema) ina maumbo matatu tu?

JIBU: Kwa sababu umbile lake ni la kauli ya kutendwa ingawa maana yake ni ya kutenda: *loquor, loqui, locutus sum*. Hali yake timilifu imejengwa kwa shina la umbo la nne pamoja na *sum*, kwa hiyo umbo la tatu na la nne yamekuwa kitu kimoja. *Audeo* (ninathubutu) imesimama katikati: wakati uliopo ni wa kutenda, *audere*, lakini hali timilifu ni *ausus sum*. Na vipo vichache, kama *memini* (ninakumbuka), ambavyo havina wakati uliopo kabisa. Umbo lake ni la hali timilifu, ilhali maana yake ni ya sasa.