Bibi Yako Yuko Peke Yake Kijijini? Soma Hii Kabla Hujamtumia Hela

Kama bibi, shangazi au mama yako mkubwa anaishi peke yake kijijini, na kijiji chenyewe kiko Mwanza, Shinyanga, Simiyu, Geita au Tabora, naomba dakika zako chache. Wengi wetu tulio mjini tumezoea kutuma hela ya chumvi na sabuni mwisho wa mwezi. Jumapili tunapiga simu, shikamoo, marahaba, mvua imenyesha huko? Tukikata simu tunaona tumeshamtunza. Kumbe kwa mwanamke mzee wa Usukumani kuna hatari ambayo hela ya simu haiigusi, nayo ni kuitwa mchawi.

Usinicheke. Kati ya 1970 na 1984, takwimu za serikali zilionyesha kuwa watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, na kati yao 2,286 walikuwa wanawake. Sehemu kubwa ya mauaji hayo ilikuwa Usukumani. Wala si habari za enzi za Ujamaa tu, maana Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilihesabu vifo 765 vya namna hiyo katika mwaka 2013 peke yake, na wanawake walikuwa 505. Na kabla mtu wa Pwani hajaanza kutusema sisi Wasukuma, ajue kwamba Julai 2020 huko Kafaba, Ghana, bibi wa miaka 90 aitwaye Akua Denteh alipigwa hadharani mpaka akafa kwa tuhuma hizo hizo. Palipo na umaskini, vifo vya watoto visivyoelezwa na mjane mwenye shamba, jambo hili huja.

Mama yangu mkubwa anaishi Kwimba. Ni mjane, watoto wake wa kiume wawili walishatangulia mbele ya haki, na binti zake wameolewa mbali. Ninayoandika hapa nimeyapata kwa kuhangaika kumlinda yeye, na kwa kukaa na wazee wa sungusungu, yaani ulinzi wa jadi wa kijiji, wanaojua mambo haya yanavyoanza.

Anza na macho. Kila mtu ameshasikia habari ya "vikongwe wenye macho mekundu", kwamba ndio wachawi, lakini ni wachache waliowahi kukaa jikoni kwa mmoja wao mpaka ugali uive. Mimi nilikaa. Jiko la mama mkubwa lilikuwa kibanda cha nyasi kisicho na dirisha, mafiga matatu, na kuni hakuna. Anachochea kwa mabua ya pamba na mavi ya ng'ombe yaliyokauka, anainama na kupuliza, moshi unampiga usoni, anajifuta kwa pindo la kitenge, anapuliza tena. Baada ya muda kidogo mimi mwenyewe nilikuwa natoka machozi na nimekaa mlangoni. Yeye amefanya hivyo tangu akiwa msichana. Miti yetu mingi iliisha zamani, mingine ilifyekwa makusudi enzi za mkoloni kufukuza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) uliokuja mwaka 1986 ulirudisha ngitili, yaani maeneo ya malisho na miti yanayotengwa na kulindwa, sehemu nyingi, lakini siyo kila mahali, na kuni za ngitili ya mwenzako huzikati tu.

Tulimpeleka hospitali. Ana zaidi ya miaka 60, kwa hiyo nendeni na kitambulisho chake na muulize dirisha la wazee, maana sera inawapa matibabu bila malipo wasiojiweza. Mtaambiwa dawa hii haipo kanunueni nje, hilo lijueni mapema. Daktari alimgeuza kope akatuonyesha: nywele za kope zimejikunja kwa ndani, zinakwaruza jicho kila anapopepesa. Ni trakoma, ule ugonjwa wa vikope. Upasuaji wake ni mdogo na alirudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Sasa, kilichosaidia kuliko upasuaji wenyewe ni kwamba tulimchukua jirani yake mmoja, mwanamke msemaji sana, atusindikize. Alisikia yote kwa masikio yake. Tulipofika mnadani kusubiri usafiri alikuwa ameshamsimulia muuza michembe kwamba macho ya mama fulani ni kope tu zimegeuka, daktari kazing'oa. Hakuna semina inayosambaa hivyo. Ukimpeleka bibi yako hospitali, usimfiche ndani ya gari la kukodi. Nenda na jirani, tena chagua mwenye mdomo.

Baada ya hapo tukamjengea jiko banifu la udongo lenye bomba la kutolea moshi. Halikuwa na gharama kubwa, kazi kubwa ilikuwa kumshawishi alitumie.

Niseme kidogo jinsi tuhuma zinavyozaliwa, kwa sababu ukijua njia yake unaweza kuikata mapema. Mtoto anafariki ghafla, au ng'ombe wanakufa mfululizo. Familia inakwenda kwa mganga kupiga ramli. Mzee mmoja wa sungusungu aliniambia kwamba mganga mjanja hataji jina kamwe. Anasema ni mwanamke, mtu mzima, si wa mbali, na macho yake mnayajua. Jina analimalizia mteja mwenyewe akiwa njiani kurudi. Hiyo ndiyo ramli chonganishi, na serikali iliwapiga marufuku waganga wa namna hiyo Januari 2015, ingawa vibango vyao bado unaviona kwenye nguzo za umeme. Basi jina la nani litamjia huyo mteja? Litamjia la yule asiyemjua vizuri. Bibi ambaye hajaingia kwake mwaka mzima, ambaye haonekani msibani, ambaye watoto wanakimbia wakipita penye minyaa ya mji wake. Yule aliyekula naye juzi si rahisi kumtaja, na hata akitajwa, kuna watu watasema "huyu? hapana, huyu tunamfahamu."

Kwa hiyo kazi yako wewe uliye mbali ni kuhakikisha watu wanaingia na kutoka kwake kila siku. Huruma ya kutuma hela haifanyi hivyo, na mara nyingine inaharibu. Nimeona kaya moja ambako watoto walimwezekea mama yao bati, wakamwekea na mlango wa chuma wenye kufuli, wakaondoka. Mwanamke wa watu akabaki kama mfungwa tajiri katikati ya nyumba za nyasi. Majirani walianza kuuliza hela ile inatoka wapi.

Sisi tulifanya tofauti. Tulinunua sola ndogo, ya taa mbili na sehemu ya kuchajia simu. Kijijini kwetu kuchaji simu ilikuwa lazima utembee hadi dukani, kwa shilingi mia tatu au zaidi. Mama mkubwa hatozi. Vijana wa boda, wasichana, hata mwenyekiti wa kitongoji, wote wanaacha simu kwake asubuhi na kuzifuata jioni. Wanafika, wanasema "mwangaluka mayu", wanakalia kigoda, wanapewa maji. Wale vijana hasa ndio wa kuwatazama, kwa sababu ndio hukodiwa kwa hela ndogo kwenda kuua usiku. Kijana anayechaji simu yake kwako ni vigumu kumkodi. Na akikodiwa mwingine, huyu atasikia kabla.

Jambo jingine ni msiba. Kwetu asiyekuja msibani ananuka, na mzee mwenye miguu mibovu hushindwa kwenda. Nimepatana na yule jirani msemaji: kukitokea msiba, anipigie. Natuma nauli ya boda na kitu kidogo cha rambirambi, mama mkubwa anapelekwa, anakaa na wenzake, anaonekana akilia. Hasa akifariki mtoto mdogo. Wapo ndugu wanaomwambia mzee wao "msiba wa mtoto usiende, watakusingizia". Naelewa hofu yao lakini napinga kabisa. Kutokwenda ndiko kunakosingiziwa.

Halafu kuna shamba. Ukichimba tuhuma nyingi, chini utakuta ardhi: mjane analima ekari ambazo shemeji au mtoto wa kambo anazitaka, na uchawi ni njia fupi kuliko baraza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kumiliki sawa na mwanamume, na kijiji kinaweza kumpa hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lake. Ifuatilieni hiyo hati, hata kama itachukua misimu miwili ya pamba. Lakini msiifuate kwa siri. Siri juu ya shamba ndiyo inayotia watu wasiwasi. Sisi tuliwaita upande wa marehemu baba mkubwa wote, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, tukapima kwa hatua, kila mtu akasikia shamba lina mwenyewe sasa na litakwenda kwa nani baadaye. Kelele zilikuwepo. Mmoja alisusa ugali wetu. Afadhali asuse mchana mbele za watu.

(Kuna wasomaji wataniuliza kama naamini uchawi. Mimi siamini. Ila katika haya yote sijawahi kumwambia mtu kijijini kwamba uchawi haupo, na sikushauri ujaribu. Utapoteza jioni nzima na mzee wako atabaki pale pale.)

Ikitokea tuhuma imeshatoka, dalili zake zinajulikana. Watoto wanaacha kumsalimia. Watu wanakataa maji yake. Anakuta karatasi mlangoni, imeandikwa vibaya, inamwambia ahame. Hapo usiitishe mkutano wa kumtetea, na usisubiri wikendi. Mtoe usiku huo huo, alale kwa binti yake au kwa paroko au kwa mwalimu, popote penye watu wengi. Ile karatasi usiichane. Kesho yake nenda kwa mtendaji wa kijiji na polisi ukiwa nayo mkononi, hakikisha taarifa imeandikwa na umepewa namba ya RB, yaani ya kitabu cha taarifa cha polisi. Kutishia kuua ni kosa la jinai hata kama hakuna aliyeguswa. Nilipokwenda mimi, kwa jirani wa mama mkubwa aliyepata karatasi ya namna hiyo, ofisi moja iliniambia nilete ushahidi kwanza. Nilikaa kwenye benchi lao mpaka jioni. Ukikaa wanaandika, maana wanataka kufunga ofisi.

Mzee awe na filimbi pia. Sungusungu wanazitumia tangu walipoanza kufukuza wezi wa ng'ombe miaka ya themanini mwanzoni, na sauti yake kila mtu anaijua. Mwano, yaani mlio wa kuita msaada, ukipigwa, asiyetoka anatozwa faini, kwa hiyo watatoka. Mama mkubwa analala nayo shingoni kama refa.

Watu wengi hufikiri dawa ni kumhamishia mzee mjini. Wakati mwingine ni lazima. Lakini nimeona wazee wanaoletwa Mwanza wakakaa kwenye chumba kimoja kule milimani, hawana wa kuongea naye Kisukuma mchana kutwa, na kijijini shamba limeshaingiwa kabla hata ya palizi. Kama unamleta, mkabidhi mtu shamba kwa maandishi, kwa msimu, mbele ya mashahidi.

La mwisho ni gumu kidogo. Wale wanaotuhumu nao ni wafiwa. Kijijini kwetu mtoto wa miaka mitatu anashikwa na homa jioni, usiku anaanza degedege, zahanati iko mbali, baba hana hela ya boda, wanamfukizia dawa, alfajiri amekufa. Jana alikuwa anacheza. Ukimwambia mama yake kwamba ni malaria iliyopanda kichwani anakuona unamdhihaki, kwani malaria watoto wote wanaugua na wanapona. Anatafuta sababu inayolingana na ukubwa wa kifo chenyewe, na mganga anayo tayari. Huyo mama nimekaa naye kwenye mkeka, sikumletea mafundisho. Nilimuuliza mtoto alikuwa anaitwaje na alikuwa anapenda nini, akaongea muda mrefu sana.

Tangu hapo nimeweka mpango na dereva mmoja wa boda wa pale. Mtoto yeyote wa kitongoji akishikwa na homa usiku, anampeleka zahanati, mimi namlipa kwa simu asubuhi. Lakini anayempigia dereva ni mama mkubwa, namba iko kwake tu. Basi wanaogonga mlango wake usiku siku hizi ni akina mama wenye watoto mgongoni. Ukitaka kufanya hivi kwenu, patana na dereva bei ya mchana na ya usiku mapema kabisa, na uwe na wa pili wa akiba. Msimu wa mvua mmoja atakuambia pikipiki imezingua.