Jibu: Malipo ya mzee ya kuumia kazini kupungua baada ya kustaafu Uingereza

Pole sana dada, na mpe mzee pole. Umeuliza kama pensheni ndiyo iliyomkatia malipo ya ulemavu wa kazini. Hapana. Malipo hayo, IIDB, hulipwa juu ya pensheni, hayakatwi kodi, wala hayakomi kwa sababu ya umri. Inayobadilika ni posho ya kupungukiwa mapato, ya walioumia kabla ya Oktoba 1990: mtu akifikisha umri wa pensheni na kuacha kazi, inageuka posho ya kustaafu, isiyozidi robo ya ile ya mwanzo. Kwa hiyo toa barua zake zote, uangalie ni mstari upi ulioshuka na asilimia ya ulemavu iliyoandikwa.

Ukiona ofisi inayomlipa mzee imekosea, usikubali kuambiwa "mwezi mmoja umeshapita". Mwezi huo ni wa kupinga uamuzi kwa njia ya kawaida. Kosa la ofisi yenyewe hurekebishwa wakati wowote. Waandikie barua, useme wazi kosa ni lao, ubaki na nakala. Wakikataa, nenda kwenye baraza la rufaa, na huko ndiyo usichelewe.